Mia Moja Sabini na Nane Haimo

Mimi nina kiburi, na sitaki mtu anibembeleze kwa kuniambia sina. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita nilikuwa nacho zaidi. Nilikuwa nasahihisha barua za jarida la hesabu la wanafunzi, pale mjini kwetu kando ya mto Tisza, na walimu wa mkoa mzima waliujua mwandiko wangu mwekundu. "Kamilla hana huruma," walisema. Nami, mjinga mimi, nilidhani wananisifu.

Jarida lenyewe lilikuwa dogo, kurasa thelathini na mbili kila mwezi, na maswali sita ndani yake. Mtoto analifanya swali kwao, anaandika hatua zote, anabandika stempu, anatuma. Mwisho wa mwaka wa masomo, katika toleo la Juni, tulichapa picha za watoto kumi waliopata alama nyingi kuliko wote. Kumi tu. Usicheke, picha ile ilikuwa na uzito wake. Shule ya bweni ya mjini iliwachukua hao kumi bila mtihani, kitanda na chakula juu ya serikali. Mtoto wa daktari aliitaka picha ili nyanya yake aitundike ukutani. Mtoto wa mkulima aliitaka kwa sababu hakuwa na mlango mwingine.

Swali moja la Machi alilitunga mhariri wetu, Mzee Tarján, mtu mpole mwenye masharubu ya kunuka tumbaku, ambaye kwa miaka ishirini hakuna aliyewahi kumkamata na kosa. Swali lilikuwa hivi. Chukua namba, tuseme kumi. Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, ni moja, mbili na tano. Vijumlishe, unapata nane. Basi kumi imeigusa nane. Kila namba inaigusa namba fulani kwa njia hiyo. Lakini zipo nyingine hazijaguswa na chochote wala hazitaguswa. Hamsini na mbili, kwa mfano: tafuta mpaka uchoke, hutapata namba ambayo vigawo vyake vikijumlishwa vinatoa hamsini na mbili. Hizo tunaziita zisizogusika. Watoto walitakiwa wataje namba shufwa zote zisizogusika zilizo chini ya mia mbili, na wathibitishe.

Mzee Tarján aliwahurumia, akawapa kidokezo. Akawaambia wakague namba shufwa, kisha wakague namba tasa zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe, yaani tatu mara tatu, tano mara tano, saba mara saba, na kuendelea. Nyingine, alisema, hazina haja. Jibu lake aliniachia mezani kwenye kikaratasi: namba kumi, kuanzia mbili mpaka mia moja themanini na nane. Ya tisa katika orodha ilikuwa mia moja sabini na nane.

Zikaja barua mia tatu na kumi na mbili.

Sasa ngoja nikuambie nilivyokuwa nafanya kazi, maana hapo ndipo penye kidonda. Barua mia tatu, kila moja kurasa tano, sita, nane, na siku za kuzisoma zilikuwa tisa. Nikajitungia njia ya mkato. Nafungua bahasha, nakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, pale mtoto anapoandika jibu. Jibu likilingana na kikaratasi, ndipo narudi mwanzo kuona kama amethibitisha vizuri. Lisipolingana, nakata alama tatu kati ya sita, naandika maneno mawili matatu, nayanakili kwenye karatasi ya kumrudishia mtoto, na barua yenyewe naiweka kabatini. Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo. Ilikuwa akili yangu mwenyewe, na niliionea fahari.

Barua ya Bodor Rozália ilikuwa na kurasa kumi na nne za daftari la mistari, wino wa zambarau. Nilimfahamu kwa jina, binti wa miaka kumi na mitano kutoka kijiji kimoja cha huko kwenye uwanda wa mabata bukini; mwaka mzima alikuwa hapotezi alama. Nikafungua ukurasa wa mwisho. Namba tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Mia moja sabini na nane haikuwemo.

Chini ya jibu aliandika maneno ambayo kwa sheria za jarida hayakuruhusiwa: "Naomba radhi kuandika hapa. Baba amesema picha ikitoka nitakwenda bweni, isipotoka nitaanza kunyonyoa mabata kiwandani tarehe mosi Julai. Kwa hiyo nimekagua mara mbili."

Niliyasoma maneno hayo. Sitajitia hamnazo leo. Niliyasoma, nikasema moyoni, hawa watoto wa siku hizi wanajua kulia. Nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikaandika: "Umesahau 178. Ungekuwa makini zaidi." Tatu kati ya sita.

Juni picha zikatoka. Rozália alikuwa wa kumi na moja, amepungukiwa alama mbili.

Wiki ya pili ya Julai ikaja kadi ya posta. Nilikuwa nimekaa na kahawa yangu dirishani, joto limeanza, sina neno na mtu. Kadi haikuwa na salamu wala jina. Ilikuwa na wino wa zambarau na mstari mmoja tu:

1 + 3 + 5 + 9 + 15 + 25 + 45 + 75

Nikajumlisha kwa mazoea tu, kama mtu anavyosoma tangazo la barabarani. Moja na tatu, nne. Tisa. Kumi na nane. Thelathini na tatu. Hamsini na nane. Mia na tatu. Mia moja sabini na nane.

Mungu wangu! Hivyo ni vigawo vya mia mbili ishirini na tano. Kumi na tano mara kumi na tano. Namba witiri, imezidishwa yenyewe kwa yenyewe, lakini kumi na tano si namba tasa, na kidokezo kilisema tukague za tasa tu. Mia moja sabini na nane ilikuwa imeguswa tangu dunia iumbwe. Mzee Tarján alikosea. Watoto waliofuata kidokezo walitumbukia shimoni pamoja naye, na mtoto mmoja aliyepita pembeni mwa shimo nilimchapa mimi kwa kalamu.

Kahawa ilinishinda. Nikaenda kabatini nikaitoa barua yake. Ukurasa wa tisa, katikati, mwandiko safi: "Kidokezo hakisemi kwa nini namba tasa peke yake zinatosha, kwa hiyo nimekagua witiri zote." Kisha ikafuata orodha, tatu mara tatu, tano mara tano, saba mara saba, tisa mara tisa, bila kuruka hata moja, na pembeni ya 225 alama ndogo ya mshangao. Mtoto yule alifurahi pale. Unaona kabisa kwamba alifurahi.

Nikamwendea Mzee Tarján na kadi mkononi. Alikuwa anakula supu yake baridi ya matunda ya cheri, leso shingoni. Akaitazama kadi, akajumlisha, nikaiona shingo inageuka nyekundu polepole.

"Jarida limeshatoka, Kamilla," akasema.

"Najua limetoka. Nauliza tunafanya nini."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Septemba tutatia mstari mmoja wa sahihisho, herufi ndogo."

"Septemba! Bweni linafunga kuandikisha tarehe ishirini mwezi huu. Septemba mtoto atakuwa amekwisha nyonyoa mabata ya nchi nzima."

"Unataka nifanye nini? Niwaandikie watoto mia tatu kwamba wao na mimi wote tumekosea, na mmoja tu ndiye amepatia?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Usinipandishie sauti."

"Nitakupandishia mzee wangu, na shikamoo juu yake! Kosa la kidokezo ni lako, lakini alama nimekata mimi. Hata sikusoma. Unanisikia? Sikusoma!"

Akaweka kijiko chini. Nilidhani atanifukuza. Akanyoosha mkono tu, akasema, "Hebu lete hiyo barua."

Aliisoma amesimama, ukurasa kwa ukurasa, zote kumi na nne. Supu ikajaa inzi. Alipofika mwisho, kwenye yale maneno kuhusu baba na picha, akakaa. Leso ilikuwa bado shingoni, kama mtoto anayengoja kulishwa.

"Ameandika vizuri kuliko mimi," akasema. "Amejiuliza kwa nini. Mimi sikujiuliza. Kule nyumbani mke wangu alikuwa mgonjwa, nikataka swali liishe." Halafu akasema, "Picha yake ipo?"

Ilikuwepo. Kila mtoto aliyekaribia kumi tulimwomba picha mwezi wa Aprili, na za waliokosa tuliziweka kwenye droo. Mzee Tarján akavaa koti katika joto lile, akateremka mwenyewe kwa mpiga chapa. Siku ya tatu kikatoka kikaratasi cha ukurasa mmoja, cha kutumwa kila shule inayochukua jarida: jibu sahihi, jina la mhariri aliyekosea, na picha ya binti mwenye misuko miwili na macho ya kukutazama kama unamdanganya. Nafasi ya tisa, Bodor Rozália. Mkuu wa bweni alikipokea, akasema kitanda kipo, mradi mzazi aje atie sahihi kabla ya tarehe ishirini.

"Kipeleke wewe," Mzee Tarján akaniambia. "Mimi sina uso."

Kana kwamba mimi nilikuwa nao. Nikapiga moyo konde, nikapanda treni mpaka mwisho wa reli, kisha basi, kisha miguu. Nyumba yao niliijua kwa kelele za mabata. Baba mtu, Bodor Vendel, alikuwa uani anapigilia ubao wa uzio, mguu mmoja haukunjiki vizuri. Nikamwambia nimetoka jaridani. Nyundo ikabaki hewani.

"Lile la kalamu nyekundu?"

"Ndiyo. Kalamu yenyewe ni yangu."

"Karibu," akasema, lakini bila ya tabasamu. Akanimiminia mvinyo na maji ya soda, adabu haikumtupa. Nikampa kikaratasi. Akaitazama picha kwanza, akaipangusa kwa kidole kama ina vumbi.

"Hii ndiyo picha yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Imekwenda shule zote. Mtoto wako alipatia, sisi tulikosea."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Hilo kosa. Mimi hesabu yangu ni ya mabata, lakini kujumlisha najua. Sitaki kuambiwa, nimeambiwa vya kutosha."

Nikamtajia moja moja, naye akafuata kwa vidole, midomo ikicheza. Kwenye arobaini na tano alipotea, tukarudi mwanzo. Mara ya pili akafika. "Mia moja sabini na nane," akasema. Akarudia kwa sauti ya chini. Halafu akaacha kunitazama.

"Alinililia, unajua? Ile karatasi yenu ya alama ilipofika. Akaniambia, baba, nimepatia, wao ndio wamekosea. Nikamwambia nyamaza, mwenye kalamu nyekundu ndiye anayejua. Kama ungekuwa na akili kama zake ungekuwa umekaa yeye alipokaa. Maneno hayo yamenitoka mimi." Akajipiga kifua kwa ngumi iliyoshika misumari. "Kumbe mwanangu alikuwa sahihi siku zote hizo, ndani ya nyumba yangu."

Akaniambia nipande mkokoteni, twende kiwandani, hatangoja jioni.

Rozália akatoka langoni na aproni ya mpira, manyoya meupe yamemjaa kwenye nyusi. Alikuwa mdogo kuliko mwandiko wake. Akanisalimu vizuri, shikamoo, nikaitikia. Baba yake akamsukumia kile kikaratasi. Akakisoma mpaka mwisho, hata jina la mpiga chapa.

"Rozália," nikasema, "nimekuja kukuomba radhi. Mzee Tarján alikosea kidokezo, lakini mimi nilikosea zaidi. Sikusoma kazi yako."

"Hukusoma kabisa?"

"Nilisoma mstari wa mwisho."

"Na niliyoandika chini yake?"

Ningeweza kusema uongo. Alikuwa na miaka kumi na mitano, angeniamini. "Hayo niliyasoma," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo, akaanza kujitoa manyoya kwenye nyusi, moja moja. "Mimi nimekuwa naijumlisha kila asubuhi kabla ya zamu," akasema. "Kila siku inatoka ile ile. Nikaanza kufikiri labda kichwa changu kina kasoro, labda kuna kitu watu wote wanakiona mimi sikioni. Wiki iliyopita nikaacha kuitazama. Ndiyo nikakutumia kadi, ili niiondoe nyumbani."

Nikalia. Pale langoni, mbele ya wanyonyoaji waliokuwa wanatoka zamu, nikalia, na mwanamke mmoja akasema, "Loh, huyu naye kafiwa na nani?" Rozália hakulia. Alinisubiri nimalize, ana subira huyo mtoto, kisha akaniuliza:

"Na wengine?"

"Wengine wepi?"

"Wale wengine. Wa mwaka jana, wa mwaka juzi. Na wao uliwasoma mstari wa mwisho tu?"

"We Rozália!" baba yake akamkaripia. "Adabu yako iko wapi? Mama wa watu katoka mjini kwa ajili yako!"

"Namuuliza tu, baba."

Miaka mitatu nilikaa kwenye kiti kile. Kila mwezi barua mia mbili, mia tatu. "Ndiyo," nikasema. "Na sijui ni wangapi."

"Basi nenda ukaangalie," akasema, taratibu kabisa, jinsi unavyomwambia mdogo wako arudi akafunge mlango wa zizi.

Siku iliyofuata walikwenda wote wawili bwenini, baba akatia sahihi. Mimi nilirudi ofisini. Barua za zamani tulizihifadhi kwenye makabati ya ukumbi wa chini, na jarida halitoki Julai wala Agosti, nikawa na wakati. Nikaanza na Septemba ya kwanza kabisa, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Siku ya nne Mzee Tarján akateremka, akaniona nimezungukwa na bahasha. Akavuta kiti, akagawa rundo katikati, akawasha kiko chake. Tulisoma joto lote la mwaka ule, madirisha wazi, wauza matikiti wakipita nje wakipiga kelele. Wengi walistahili nilichowapa, nashukuru Mungu kwa hilo. Walikuwa wamekosea kweli. Lakini siku moja Mzee Tarján akanisogezea barua. Jibu limeandikwa kwa namna nyingine tu, mtoto amepatia kila hatua, nami nimemchinja. Mpaka Agosti inaisha tulipata saba.

Saba. Nikawaandikia wote kwa mkono wangu, kwa wino mweusi. Watano walijibu. Mmoja alikuwa ameshaolewa, akasema asante, atamwonyesha mumewe. Wa sita alikuwa amehama, hakuna aliyejua wapi.

Wa saba aliitwa Gazsi Demeter, mvulana wa huko kwenye migodi ya makaa. Miaka miwili nyuma aliandika nusu ukurasa, uthibitisho mfupi kuliko wetu sisi wenyewe, mzuri mpaka Mzee Tarján aliunakili kwenye daftari lake. Nilikuwa nimempa sifuri kwa kudhani amebahatisha, na chini yake nimeandika, "Hesabu si bahati nasibu." Barua yangu ya radhi alinirudishia mama yake. Nyuma ya bahasha aliandika kwamba kijana amesoma, ameshukuru, lakini hataki tena mambo hayo. Yuko mgodini, na siku nyingi anasema yeye hana kichwa cha hesabu.

Nilikwenda. Treni mbili na basi. Nikabisha hodi mara tatu. Alikuwemo ndani, nilisikia anapunguza sauti ya redio, lakini hakufungua.